Twende Ndakaini, tukalione ziwa linalonywesha Nairobi

JE, MSOMAJI, mtoto wako akikuuliza maji hutoka wapi, utamjibu nini? Mimi niliulizwa swali hilo Jumamosi moja jioni hapa Ruiru. Mfereji wa ploti ulikuwa umekauka kwa siku ya tatu, na mitungi ilikuwa imepangwa mlangoni kama abiria wanaosubiri matatu. Kwa vile nilikuwa na shughuli, nilimjibu binti yangu kwa mkato kwamba maji hutoka kwenye mfereji.

"Lakini mama, mfereji hauna maji," akasema.

Hapo nikakosa la kusema. Nikaona kuwa jawabu lenyewe lilihitaji safari, na safari yenyewe si ya mbali. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, ukienda taratibu. Ndiyo maana leo nakualika wewe pamoja na jamaa yako tuifuate barabara ya Thika, tupande vilima vya Gatanga, tukaone ziwa la milimani la Ndakaini.

Wengi wetu tunaoishi kandokando ya barabara hii tukisikia neno matembezi hufikiria Mombasa, Naivasha au Nanyuki. Tukishapiga hesabu ya nauli, malazi na chakula, huahirisha mpaka Disemba. Disemba ikifika huahirisha mpaka Pasaka. Watoto nao hukua wakiijua Mombasa kwa picha za kalenda tu. Kumbe karibu na nyumbani kuna ziwa lililozungukwa na majani chai na msitu, penye baridi ya kukufanya utafute sweta saa sita mchana.

Kutoka Ruiru

Ondoka mapema, yapata saa moja asubuhi, kabla ya waumini kujaza barabara wakielekea makanisani. Beba chai kwenye thamosi, chapati, mayai ya kuchemsha na sweta kwa kila mtu. Usisahau sweta hata jua likiwa limewaka.

Kabla ya kuondoka Ruiru, waonyeshe watoto mji wenyewe. Huu ulikuwa mji wa kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa ndicho kilichowapa wakulima, mwaka wa 1985, aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11, ambayo huhimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na ule wa kutu ya majani. Siku hizi mashamba mengi yamegeuka nyumba za ghorofa. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, karibu maradufu ya Thika iliyokuwa na watu 251,407. Watu wote hao huamka asubuhi wakitaka maji ya kunawa uso.

Sasa wape watoto mchezo. Waambie wahesabu mito. Barabara hii iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka wa 2012 na Rais Mwai Kibaki imekuwa pana na ya kasi mno, hivi kwamba mtu hupita juu ya mto bila kujua. Kuna mto Ruiru wenyewe. Mbele, upande wa Juja, kuna mto Ndarugu. Yote miwili huteremka kutoka miinuko ya kusini ya milima ya Nyandarua na kuingia mto Athi. Athi nao hubadilisha jina njiani, ukaitwa Galana kisha Sabaki, mpaka ukamwaga maji yake baharini karibu na Malindi.

Dereva na apunguze mwendo. Barabara nzuri imewameza watu wengi, waendao kwa gari na waendao kwa miguu. Kawia ufike, walisema wahenga.

Thika, mji wa mito miwili

Ukifika Thika, ingia kwanza penye maporomoko. Hoteli ya Blue Posts iko kati ya mito miwili, Chania upande mmoja na Thika upande mwingine, na kila mto una maporomoko yake. Hoteli hii ilianzishwa mwaka wa 1908, wakati ambapo hata garimoshi lilikuwa halijafika hapa. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913. Inasimuliwa kwamba jina la hoteli lilitokana na nguzo zilizopakwa rangi ya buluu, ambapo walowezi walifungia farasi wao. Enzi hizo Mwafrika hakuingia mahali kama hapa ila awe mtumishi. Leo kina mama wa vyama na maharusi wa Jumamosi hupigia picha kwenye nyasi zile zile.

Ulimwengu uliijua Thika kupitia kwa mwandishi Elspeth Huxley, aliyelelewa hapa na kuchapisha kitabu kuhusu utoto wake mwaka wa 1959. Kitabu hicho kilifanyiwa mchezo wa televisheni Uingereza mwaka wa 1981. Lakini sisi hatukuja kutafuta habari za walowezi. Tumekuja kutazama maji.

Simama penye kizuizi cha usalama, umshike mtoto mkono vizuri, kisha mwonyeshe. Mto Chania na mto Thika huungana chini ya mji, vikawa mto mmoja. Huo hauendi Malindi kama Ruiru na Ndarugu. Huingia bwawa la Masinga, ukajiunga na Tana, mto mkubwa kuliko yote nchini, na kufika baharini upande wa Kipini. Kwa hivyo katika mwendo wa nusu saa umetoka kwenye maji ya Athi na kuingia kwenye maji ya Tana. Majirani wawili wametoka mlima mmoja, lakini kila mmoja akazikwa kwake.

Kumbuka hasa mto Thika. Huo ndio tutakaoufuata kwenda juu. Maji unayoyaona yakianguka hapa ni yale yaliyoruhusiwa kupita pamoja na ya vijito vilivyojiunga njiani. Mengine yamezuiwa huko mlimani na kupelekwa Nairobi.

Kutoka nanasi hadi chai

Kutoka Thika shika barabara ya Gatura. Asiye na gari asijali. Mjini Thika kuna matatu za upande huo, na kipande cha mwisho bodaboda zitakufikisha. Ni kiasi cha kilomita 40 za kupanda na kukata kona, na ndicho kipande kitamu kuliko vyote.

Thika ina joto, na nchi yake ni ya mananasi. Mashamba yake yanaenea mpaka macho yanachoka. Ukianza kupanda, udongo unakuwa mwekundu zaidi na unaona mibuni, migomba, miparachichi na mimakadamia. Hapa ni Gatanga, sehemu iliyowatoa wanamuziki wengi wa nyimbo za Kikuyu kiasi kwamba watu hutania kwamba mtoto wa hapa huzaliwa na gitaa. Mmoja wao alikuwa John De'Mathew, aliyefariki mwaka wa 2019 katika ajali ya barabarani karibu na Thika. Ukiwasha redio ya gari hukosi kusikia sauti ya mmojawapo wa wana wa Gatanga.

Ukishapita Kirwara hali inazidi kubadilika. Mibuni inapungua, na ghafla unaona kijani kibichi kilichopunguzwa sawasawa kama zulia. Ni majani chai. Wakulima hapa ni wa mashamba madogo, na majani yao hupelekwa kwenye viwanda kama kile cha Ngere. Utawakuta wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni wakielekea kituo cha kupimia.

Waeleze watoto sababu ya mabadiliko haya. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husafiri bara mpaka ukagonga milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake cha Kinangop kina urefu wa mita 3,906. Upepo ukigonga ukuta huo hupanda, hupoa na kuangusha mvua. Kwa hivyo kila unavyopanda mvua huongezeka na joto hupungua. Nanasi hukaa chini, kahawa katikati, chai juu, na juu ya chai kuna msitu. Somo la jiografia ambalo mwalimu huandika ubaoni kwa juma zima, mtoto atalisoma dirishani kwa saa moja.

Ziwani

Halafu, baada ya kona moja, unaliona.

Ndakaini liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu huwa umelala juu ya maji kama blanketi, na unapoondoka taratibu unaona mikono ya ziwa ikiingia kila bonde, huku majani chai yakiteremka mpaka karibu na ukingo. Upande wa magharibi ni msitu wa Kimakia na miinuko ya Nyandarua. Hakuna kelele ila ndege na, kwa mbali, kengele ya kanisa. Kwa mtu aliyezoea honi za matatu, kimya hicho pekee kinatosha kuwa likizo.

Lakini hili si ziwa la kuumbwa na Mungu. Ni bwawa, na kwenye karatasi huitwa bwawa la Thika. Ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kukamilika mwaka wa 1994. Ukuta wake ni wa udongo ulioshindiliwa, umeota nyasi, na kimo chake ni karibu mita 65. Mgeni anaweza kudhani ni kilima tu. Mito inayoingia ni Thika, Githika na Kayuyu. Likijaa hubeba maji mita za ujazo milioni 70, yaani lita bilioni 70. Ukijaza mitungi ya lita 20, ni mitungi bilioni tatu na nusu. Binti yangu alijaribu kuihesabu kwa vidole, akakata tamaa.

Kutoka hapa maji hupitishwa kwa mahandaki mpaka kwenye mto Chania, halafu kwenye mitambo ya Ngethu huko Gatundu, ambako husafishwa na kutiwa dawa. Kisha huteremka kwa mabomba mpaka Gigiri, Nairobi, na kugawanywa mitaani. Jiji lilianza na chemchemi za Kikuyu, likaongeza bwawa la Ruiru, kisha Sasumua kule Njabini katika miaka ya 1950, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofikia Ndakaini. Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Nairobi hutoka katika bonde hili moja.

Kwa hivyo ukimtembelea dada yako Eastleigh au Kasarani akakupa glasi ya maji, yaelekea kabisa kwamba umenywa mvua ya Gatanga.

Nyumba zilizo chini ya maji

Tulipokuwa tumekaa kwenye nyasi kando ya njia tukinywa chai, alipita mzee mmoja na fimbo yake. Tukamsalimia, tukampa kikombe. Binti yangu, ambaye hana haya, akamwuliza, "Guka, wewe unaishi hapa?"

Mzee alicheka, akainua fimbo akaelekeza katikati ya ziwa. "Mjukuu wangu, nilikuwa naishi pale."

Mtoto alitazama maji, akamtazama mzee, akanitazama mimi. Alidhani anataniwa. Lakini mzee hakuwa na utani. Alimwonyesha upande ambako kulikuwa na njia ya kwenda mtoni, na upande wa shamba lao. Kisha akamaliza chai yake, akashukuru, akaenda zake.

Hii ndiyo sehemu ya habari za Ndakaini ambayo haionekani kwenye picha. Bonde hili halikuwa tupu. Lilikuwa na mashamba, nyumba na makaburi. Familia nyingi zilihamishwa ili bwawa lijengwe. Walilipwa fidia, naam, lakini fidia ya ardhi huisha na ardhi haizaliwi tena. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi wakazi wa vijiji vilivyo karibu wamekuwa wakilalamika kwamba wanayaona maji kwa macho ilhali wao wenyewe hubeba mitungi kutoka mtoni. Viongozi wa Murang'a nao wamedai mara kwa mara kwamba kaunti ipewe sehemu ya mapato ya maji hayo. Wakubwa wataendelea kubishana. Sisi wanywaji, lililo juu yetu kwanza ni kujua kwamba mfereji wetu una wenyewe.

Wenyeji hawakukaa tu wakisikitika. Mwaka wa 2004 zilianza mbio za Ndakaini za kilomita 21, zilizoandaliwa na chama cha kuhifadhi mazingira ya bwawa hili. Nia yake ilikuwa kuchangisha pesa za kupanda miti katika chanzo cha maji. Wakimbiaji wanaokimbia vilima hivi katika hewa nyepesi ya huku hukuambia kwamba kilomita moja ya Ndakaini ni sawa na mbili za mjini.

Ziwa linapopungua

Usidhani ziwa kubwa haliwezi kukauka. Mvua za mwaka wa 2016 zilipokosa kutosha, maji ya Ndakaini yalishuka sana, na kuanzia Januari 2017 Nairobi ikaanza kupewa maji kwa zamu. Waliofika hapa wakati huo waliona ukingo mwekundu wa udongo mtupu ukizunguka maji. Ndipo watu wa mjini walipokumbuka kutazama mawingu ya Nyandarua.

Baadaye likachimbwa handaki la kilomita 11.8 kuleta maji zaidi Ndakaini kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Mradi huo ulizua mabishano makali mwaka wa 2015, baadhi ya viongozi wakihofia kwamba Murang'a ingegeuka jangwa. Ulizinduliwa mwaka wa 2022, na ulikusudiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku. Hata hivyo, handaki haliumbi maji. Hubeba tu yale ambayo msitu umeyashika. Msitu ukikatwa, handaki litabeba matope.

Ya kuzingatia

Kabla hujafunga safari, msomaji, yaweke haya akilini:

Kwanza, bwawa ni mali ya umma inayolindwa. Omba ruhusa langoni, ujiandikishe, uulize ada ya kuingia mapema ili usiaibike mbele ya watoto.

Pili, haya ni maji ya kunywa. Si ya kuogelea wala ya kuoshea gari. Kingo zake zina mteremko mkali na maji ni baridi mno. Mtoto asisogee ukingoni peke yake, hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Tatu, chagua majira. Januari na Februari anga huwa wazi, na asubuhi mapema, mkiwa na bahati, mwaweza kuiona Nyandarua yote bila wingu. Mwezi wa Aprili mvua ni nyingi na njia za udongo huteleza. Julai ni ukungu na baridi.

Nne, anza safari ya kurudi kabla ya saa tisa alasiri. Ukungu ukishuka kwenye kona za Gatura, taa za gari hazisaidii sana.

Tano, nunua parachichi, ndizi au mahindi ya kuchoma kwa kina mama walio njiani. Shilingi utakayoacha Gatanga ni shukrani kidogo kwa maji uliyokunywa. Na takataka zako rudi nazo nyumbani. Ukizitupa huku, zitakufuata.

Tulirudi Ruiru jua likizama, watoto wamelala kiti cha nyuma na viatu vimejaa udongo mwekundu. Jumla ya gharama ilikuwa mafuta ya gari, ada ya lango na mahindi. Mombasa itangoja.

Jumanne alfajiri nilisikia mfereji ukikohoa, kisha maji yakaanza kumwagika kwenye ndoo. Binti yangu alitoka mbio, akapiga kelele ploti nzima ikaamka: "Mama, maji ya Guka yamekuja!"

Nilitaka kumsahihisha. Nilitaka kumweleza kwamba Ndakaini hunywesha Nairobi, na kwamba sisi wa Ruiru na Juja tumekuwa tukipata maji ya bwawa jingine, Karimenu II kule Gatundu, lililokamilika mwaka wa 2022. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kule Karimenu nako kulikuwa na mashamba na nyumba. Kule nako kuna guka wake.

Nikamwambia tu aufunge mfereji vizuri ndoo ikijaa.